Sifa za Kani Iangushayo

Katika orodha ndefu ya mambo yanayolaumiwa na wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia baridi ya Juni inayounguza majani ya viazi hadi bei ya mbolea, kani ya mvutano ina nafasi ya ajabu, kwa sababu huwaumiza watu kila siku na bado haipewi hata heshima ya kutajwa ndani ya laana. Mtoto akianguka kutoka kwenye mparachichi, mama hulaumu mti. Trei ya mayai ikiponyoka, mwenye duka hulaumu mkono. Lori likirudi nyuma mlimani, dereva hulaumu breki, na abiria humlaumu dereva. Kani yenyewe, yaani nguvu ambayo kwayo kila kitu chenye tungamo hukivuta kila kitu kingine chenye tungamo, hubaki nje ya kesi, ingawa ndiyo mtendaji pekee aliyekuwapo katika matukio yote matatu. Makala haya yanakusudia kuipa haki yake, kwanza kwa kuisomea mashtaka, kisha kwa kuonyesha kwamba mshtakiwa huyu ana sifa ambazo machifu na magavana walizitafuta kwa gharama kubwa bila kuzipata.

Mahali panapofaa kusomea mashtaka ni Kalenga, kijiji kilicho kando ya Mto Ruaha Mdogo, nje kidogo ya mji wa Iringa, katika mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mto huo, kwa kuitii kani inayojadiliwa hapa, umejichagulia sehemu ya chini kabisa ya bonde, na kwa sababu hiyo kila ndoo ya lita 20 inayochotwa humo hupaswa kupanda ili ifike nyumbani. Mtaalamu aliyeketi mezani ataeleza kwamba kuipandisha ndoo hiyo mita 30 ni kazi ya jouli 5,900 hivi, ambayo haifikii hata sehemu ya kumi ya nishati iliyomo katika kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hesabu hiyo ni sahihi, imesahau tu kwamba mchotaji hupandisha pia mwili wake, kwamba misuli hupoteza nishati nyingi kuliko inayoitumia, na kwamba haijapata kumfariji mchotaji yeyote.

Shtaka la pili linahusu mizigo, na hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo sokoni huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Tungamo ni wingi wa maada uliomo ndani ya kitu, ambao haubadiliki kitu hicho kiwe Kalenga au mwezini. Uzito ni ukubwa wa kani ambayo kwayo kitu hicho huvutwa mahali kilipo, na huo hubadilika. Kwa kuwa Dunia hujizungusha na imetuna sehemu ya ikweta, na kwa kuwa nyanda za juu ziko mbali zaidi na kitovu chake, gunia la kilo 100 likipimwa Kalenga kwa mizani ya springi iliyorekebishwa katika Ncha ya Kaskazini litaonekana limepungua kwa karibu nusu kilo, ingawa hakuna hata kiazi kimoja kilichotolewa. Mizani ya mawe haionyeshi tofauti hiyo, kwa sababu mawe na viazi hupunguziwa pamoja. Punguzo hilo, ambalo mkulima wa Iringa hupewa bila kuomba, ni ukarimu usiojulikana kabisa. Lakini ni haki kukiri kwamba mnunuzi hulifuta mara mia anapodai gunia lifungwe lumbesa, yaani lijazwe kupita mdomo wake na kuongezewa wavu juu, mtindo ambao Wakala wa Vipimo umeupiga vita kwa miaka mingi. Katika biashara yote ya lumbesa kuna mkaguzi mmoja tu ambaye hajawahi kukubali kwamba gunia ni gunia: kani ya mvutano huhesabu kilo, na risiti yake huiandika mgongoni mwa mchukuzi.

Shtaka zito kuliko yote hutoka Kitonga, mlima wa wilaya ya Kilolo ambako barabara kuu ya Tanzania na Zambia huacha bonde na kupanda hadi uwanda wa Iringa kwa kona zinazofuatana, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo. Mbeya nayo ina miteremko yake ya Iwambi na Mbalizi, yenye sifa mbaya isiyopungua ya Kitonga. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufikisha tani 56 pamoja na mzigo, na lori la namna hiyo, kwa kila mita 100 linazopanda kwenda juu, hujiwekea akiba ya nishati inayolingana na yuniti 15 za umeme, kwa kipimo kile kile kinachosomwa kwenye mita ya LUKU. Akiba hiyo hununuliwa kwa dizeli, polepole, kwa gia ndogo, huku utingo akitembea kando na jiwe mkononi, tayari kuliegemeza nyuma ya tairi. Lori linaposhuka, kani hurudisha akiba yote bila kukata ushuru, na uaminifu huo ndio unaoua. Kwa maana nishati iliyorudishwa haina pa kwenda ila kwenye breki, ambazo huigeuza kuwa joto, na breki zikishapata joto kupita kiasi msuguano wake hupungua, nao msuguano ukipungua dereva hana tena mahali pa kuweka kile anachorudishiwa. Ndiyo maana madereva wazoefu hushuka kwa gia ndogo ile ile waliyopandia, ili injini ibebe sehemu ya malipo, na ndiyo maana anayeshuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta huwa ameingia katika mkataba ambao hakusoma masharti yake. Waliofiwa katika kona hizo hawadaiwi sifa zozote na makala haya. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba, kati ya wote wanaohusika na safari ile, tajiri wa gari, fundi, dereva, askari wa barabarani na mpimaji wa mizani ya Wenda, ni mmoja tu ambaye masharti yake ya leo ni yale yale ya jana, hayana msamaha kwa wakubwa, na yanaweza kukokotolewa kabla ya kuondoka.

Baada ya mashtaka hayo msomaji ataitarajia kani yenye mabavu. Ukweli ni kinyume chake, na hapa ndipo sifa zinapoanza. Kani ya mvutano ni dhaifu kuliko kani zote za msingi zinazojulikana, dhaifu kwa kiwango cha kufedhehesha: sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye spika mbovu ya redio huinua msumari kutoka mezani, na katika shindano hilo upande wa pili kuna Dunia nzima, milima yake, bahari zake na kiini chake cha chuma, ikivuta kwa nguvu zake zote na kushindwa. Kati ya protoni mbili, ambazo ni chembe zinazopatikana katika kiini cha kila atomu, msukumo wa umeme huuzidi mvutano kwa idadi inayoandikwa kwa moja na sifuri 36. Isaac Newton alipochapisha kanuni yake mwaka 1687, kwamba mvutano kati ya vitu viwili hukua kwa kadiri tungamo zao zinavyokua na hupungua kwa mraba wa umbali ulio kati yao, maana yake umbali ukizidishwa mara mbili kani hubaki robo, hakuwa na njia ya kuipima kani hiyo kati ya vitu viwili vya kawaida. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya Henry Cavendish, mwaka 1798, kufaulu kupima jinsi mipira mikubwa ya risasi inavyoivuta midogo ndani ya chumba kilichofungwa, akiitazama kwa darubini kutoka nje ili hata joto la mwili wake lisivuruge jaribio.

Inakuwaje basi aliye dhaifu kuliko wote awe mtawala wa ulimwengu? Sababu ni ya tabia, si ya nguvu. Umeme una chaji za aina mbili, chanya na hasi, ambazo kwa jumla hufutana, hata jiwe zima likawa halina chaji yoyote ya kuhesabika. Kani zinazofunga viini vya atomu haziendi mbali zaidi ya viini hivyo. Mvutano una upande mmoja tu, wa kuvuta, hauna kinyume chake, hauzuiliwi na ukuta, na umbali huupunguza bila kuumaliza kamwe. Kila chembe inayoongezwa huongeza mvutano, na hakuna inayoupunguza. Watawala wengi wamejaribu kujenga himaya kwa nguvu bila subira, na historia ya Kalenga yenyewe ina mifano ya kutosha.

Kalenga ilikuwa makao makuu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyeizungushia ngome ya mawe baada ya kusikia habari za Wajerumani, ambao jeshi lao chini ya Emil von Zelewski Wahehe waliliangamiza Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ukuta wa mawe ni jengo linaloishi kwa hisani ya mvutano: jiwe la juu halikaziki kwa lolote ila uzito wake juu ya lile la chini. Lakini msaada ule ule hupewa adui bila ubaguzi, kwa sababu kombora la mzinga, likishatoka kwenye mtutu, huanza kuanguka papo hapo, na ni kuanguka huko kunakolipinda njia hadi lishuke nyuma ya ukuta ambao risasi ya mstari ulionyooka isingeufikia. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ilitekwa na jeshi la gavana Friedrich von Schele. Newton alikuwa amekwisha kueleza kwamba kombora la namna hiyo lina undugu na mwezi, kwani mwezi nao huanguka kuelekea Dunia kwa zaidi kidogo ya milimita moja kila sekunde, isipokuwa katika sekunde hiyo hiyo unakuwa umekwenda kilomita moja upande, na hivyo huikosa Dunia siku zote. Tofauti kati ya kinachobomoa ngome na kinachoangaza ngoma za usiku ni kasi tu. Mshirika anayewahudumia wanaozingirwa na wanaozingira kwa kiwango sawa atachukiwa na wote wawili, na pengine huo ndio ushahidi bora wa haki yake.

Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, uliiagiza Ujerumani kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Gavana Edward Twining alilirudisha Kalenga mwaka 1954, na hadi leo liko katika jumba la makumbusho la kijiji. Siku 30 tu kabla ya mkataba huo kutiwa saini, tarehe 29 Mei 1919, kani ya mvutano ilikuwa imefikishwa mbele ya mahakama yake yenyewe. Albert Einstein alikuwa amedai mwaka 1915 kwamba mvutano si kamba isiyoonekana inayovuta vitu, bali ni mpindo wa anga na wakati unaosababishwa na tungamo, hivi kwamba hata mwanga, usio na tungamo, lazima upinde njia yake unapopita karibu na jua. Wanajimu wa Uingereza walisubiri kupatwa kwa jua Sobral nchini Brazili na katika kisiwa cha Principe, wakapiga picha nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa, na wakakuta zimesogea kwa kiasi kilichokaribia utabiri wake, ambao ni karibu sehemu moja ya 2,000 ya digrii moja, maradufu ya ule uliotokana na fikra za Newton. Kivuli hicho cha mwezi kilipomaliza kazi Principe kiliendelea kuvuka Kongo na pande za kusini za Ziwa Tanganyika kuelekea Bahari ya Hindi. Kati ya maagizo mawili ya mwaka 1919, moja la mataifa na moja la maumbile, lile la maumbile lilitekelezwa kwa sekunde iliyotabiriwa, na lile la mataifa likachukua miaka 35.

Nadharia ya Einstein huleta pia utetezi ambao wakili yeyote angeutamani. Anayeanguka haoni uzito wowote. Kwa muda wa kuanguka kwake yeye na vitu vilivyo mfukoni mwake huelea pamoja, na kinachoitwa uzito ni msukumo wa ardhi dhidi ya nyayo unaomzuia asiendelee kuanguka. Kwa hesabu hiyo mtoto wa mparachichini hakuumizwa na mvutano, uliomchukua kwa upole kamili hadi sentimita ya mwisho, bali aliumizwa na ardhi iliyokataa kupisha. Hoja hii haina kosa, ingawa haishauriwi kuitoa mbele ya mama wa mtoto.

Sifa za kazi ni nyingi, na hapa zitatajwa chache. Ruaha Mdogo, unaolaumiwa kwa kukaa chini, huteremka kuungana na Ruaha Mkuu, na maji hayo hupita katika mitambo ya Mtera na Kidatu kabla ya kufika baharini, yakilipa yuniti kila yanaposhuka. Vijiji vingi vya Iringa, Njombe na Mbeya hunywa maji ya mserereko, yaani yale yanayoletwa kwa bomba kutoka chanzo kilicho juu ya kijiji, bila pampu, bila dizeli na bila bili ya umeme, na huenda huu ni mfano pekee wa mtumishi wa umma asiyepata kuchelewa kazini. Huko Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, Tanesco huyaangusha maji kwa karibu mita 850 hadi kwenye mashine zenye uwezo wa megawati 180. Mapipa matano ya lita 200 yakishuka urefu huo huwa yamebeba yuniti mbili na ushee. Kabla ya mashine hizo kuanza kazi, maji yale yalianguka bure, na manyunyu yake yalilisha bonde dogo lenye chura asiyepatikana mahali pengine popote duniani, chura wa manjano wa sentimita mbili hivi anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Maji yalipoingizwa handakini mwaka 2000, manyunyu yalikatika, yakafungwa mabomba ya kunyunyizia ili kuyaiga, na vyura 500 wakapelekwa Marekani kulelewa. Porini walitangazwa kutoweka mwaka 2009, na tangu 2012 wazao wao wamekuwa wakirudishwa bondeni. Wahandisi, fedha na mabomba vilihitajika ili kuiga kwa sehemu kazi ambayo kani hii ilikuwa ikiifanya pale bila mshahara.

Kwa upana wa ulimwengu huduma hiyo hiyo huonekana katika kila kitu kinachong'aa. Wingu la gesi ya haidrojeni, kubwa kupita kiasi na jembamba kupita ombwe lolote linaloweza kutengenezwa maabara, huanza kujivuta lenyewe. Kadiri linavyojikusanya ndivyo linavyopata joto, hadi katikati yake haidrojeni inapoanza kuungana kuwa heliamu, na nyota huwaka. Jua lilizaliwa hivyo miaka bilioni 4.6 iliyopita, na huunganisha karibu tani milioni 600 za haidrojeni kila sekunde. Lisingebanwa na mvutano wake lenyewe lingelipuka mara moja, na lisingewaka lingeporomoka kujiangukia. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa Afrika Mashariki walilitazama ili kujua majira ya kupanda, ni watoto wa wingu moja, zaidi ya nyota 1,000, nyingi zisizoonekana kwa macho, ambazo bado zimeshikana kwa mvutano huo huo dhaifu.

Aliye na shaka anaweza kwenda Ndolezi, wilayani Mbozi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Mbeya kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016, akakitazame kimondo kilichotambulishwa kwa wataalamu mwaka 1930: pande la metali lenye urefu wa mita tatu hivi, linalokadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16, asilimia 90 likiwa chuma na karibu asilimia 9 nikeli. Chuma hicho kilipikwa ndani ya nyota za zamani zilizobanwa na mvutano hadi zikalipuka. Vimondo vya metali kwa kawaida huaminika kuwa vipande vya viini vya sayari ndogo zilizoyeyuka, ambamo mvutano ulikichuja chuma na kukizamisha katikati. Na ni mvutano uliokileta kipande hiki hapa, kwa maana kitu kinachotoka mbali hadi kwenye Dunia huifikia angahewa yake kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Aliyekipika, aliyekichuja na aliyekisafirisha ni mmoja, na leo anaendelea kukivuta kuelekea kitovu cha Dunia, jambo lililowalazimu binadamu kukijengea kitako cha zege.

Limebaki ombi moja la walalamikaji, kwamba kani hii ipunguzwe walau kidogo, na jibu lake ni kwamba nyanda za juu zimekwisha kupunguziwa na tayari zinalipia. Wakati hupita taratibu zaidi karibu na tungamo kubwa, na haraka zaidi kadiri mtu anavyopanda. Kitovu cha Dunia, kwa hesabu hiyo, ni kichanga kuliko uso wake kwa karibu miaka miwili na nusu. Saa iliyoko Kalenga huitangulia ile ya ufukweni Dar es Salaam kwa takriban sehemu tano za milioni za sekunde kila mwaka, na pamoja na saa huzeeka mwenye saa. Mzaliwa wa Kalenga aliyehamia pwani akiwa na miaka 20 na kurejea akiwa na 60 huwa ameokoa sehemu 200 za milioni za sekunde, muda usiotosha kupepesa jicho, ambao kwa vyovyote ataurudisha wote, pamoja na riba ya saa mbili, akiwa ndani ya basi lililosimama Kitonga nyuma ya lori lililozima kwenye kona.